Niamshe Alasiri

Mwanangu, iko siku moja ya Ramadhani ambayo kila nikiikumbuka huinamisha uso, hata nikiwa peke yangu chumbani. Siku nyingine za ujana wangu nazisimulia kwa kicheko. Hii siipendi, na ndiyo maana nakusimulia wewe, uliyeingia kazi ileile niliyoifanya mimi.

Jang'ombe nilikokulia alikuwako Bi Rukia, muuguzi, shoga yake marehemu mama. Mchana wa mfungo hakujilaza mpaka kwanza amtaje mtu wa kumwamsha. "Nnakwenda kujinyoosha. Niamshe alasiri," husema, na hakusema hewani, alikutazama usoni mpaka uitikie naam. Tangu utoto wangu mtu huyo alikuwa mimi. Hata nilipokuwa mtu mzima, na digrii yangu, na ofisi yangu ghorofani Mji Mkongwe, nikimtembelea Ramadhani kazi hiyo ilikuwa yangu, na nikiionea fahari kuliko hiyo digrii.

Ofisini tulikuwa tukitengeneza kisanduku cha kulinda friji za dawa. Kinapima baridi, na friji ikipata joto kinaipigia simu ya muuguzi. Umeme ukikatika kinatumia betri, na betri ilikuwa ikiisha upesi. Mimi nikapewa keneli, kile kiini cha mfumo endeshi kinachoongoza kila kipande cha kifaa. Keneli haina macho, mwanangu. Haijui chipu gani, yaani kipande gani kidogo cha kielektroniki, inaweza kulala ili isile umeme, ilale usingizi wa namna gani, na nini kitaiamsha, ila kwa maelezo tunayoiandikia. Tukiandika yaliyopo, inayafuata. Tukiandika tunayoyatamani, inayafuata vilevile, bila kuuliza.

Kitabu cha watengenezaji kilisema chipu yetu, ile inayopiga simu, inaweza kulala fofofo kifaa kikiwa kwenye betri na kuamshwa na kipimajoto. Nikaijaribu kwenye bodi ya mfano waliyotuletea, ule ubao unaobeba chipu na nyaya zake, ikalala, ikaamka. Basi nikaandika mstari wangu: chipu hii hulala, kipimajoto huiamsha. Nikauweka kwenye faili linaloisemea chipu popote ilipo, wala sikujishughulisha na faili la bodi yetu wenyewe. Na kwenye bodi yetu, waya wa kutoka kipimajoto kwenda kuiamsha chipu haukuwepo. Mchoraji aliuacha kwa kukosa nafasi, na alitwambia mkutanoni. Mimi siku hiyo nilikuwa nimeshughulika kupokea sifa za betri. Bodi yetu sikuichomoa umeme hata mara moja nione itafanya nini.

Kisanduku kikapelekwa kwenye zahanati aliyofanyia kazi Bi Rukia. Jumapili moja ya Ramadhani, zahanati imefungwa, umeme ukakatika upande ule wa mtaa. Kisanduku kilitakiwa kumpigia Bi Rukia, mwenye ufunguo, aje na mabarafu. Kikalala kama nilivyokiagiza, na hakikuwa na wa kukiamsha. Insulini ya wagonjwa wa sukari ikaharibika yote. Wakubwa wa zahanati wakasema simu iliita, Bi Rukia akalala zake na saumu yake. Alipowaonyesha simu haina kitu, wakasema amefuta.

Nilipoulizwa nikajibu kisanduku ni kizima. Wakati huo nilidhani nasema kweli. Nikarudi ofisini, nikafungua faili, nikauona mstari wangu, nikaukumbuka ule waya usiokuwepo. Nikaufuta. Na pale panapoandikwa maelezo ya mabadiliko ili wenzako wajue umefanya nini na kwa nini, nikaandika: usafi mdogo. Nikanyamaza. Walikuwa wanataka kunipa uongozi wa kazi, mwanangu, na mimi niliutaka. Bi Rukia akanyang'anywa ufunguo.

Baada ya siku chache nikaenda kumtazama, nikijiambia naenda kumliwaza.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae."

Alikuwa na simu mkononi, anaigeuzageuza. "Huenda iliita kweli," akasema. "Mie nshazeeka. Huenda niliisikia nkaizima, nkalala tena. Siku hizi sijiamini, hata jiko nalitazama mara mbili mbili."

Sikuweza kumtazama. Yeye akanitazama, kama desturi yake. "Haya, nnakwenda kujinyoosha. Niamshe alasiri."

Sikuitikia naam. "Haikuita, Bi Rukia," nikasema. "Kosa langu mie." Nikamweleza yote, mpaka ule usafi mdogo.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo ulikilaza bila ya kukiwekea wa kukiamsha?"

"Naam."

"Na ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. "Dawa ningekusamehe pale pale, kazini watu hukosea. Lakini umeniacha nkaitilia shaka akili yangu, na weye unajua mie mzima. Kesho nenda ukaseme, mbele ya walewale walionisema."

Kisha akageukia jikoni alikokuwa mkwewe. "Mwanaidi, nnakwenda kujinyoosha. Niamshe alasiri."

"Naam, mama."

Akanipita, akaingia chumbani. Nikabaki pale mkekani, sijui uso niuweke wapi.

Kesho yake nilikwenda, nikasema. Ufunguo ukarudishwa, uongozi akapewa mwenzangu, na ilikuwa haki yake. Yale maelezo ya usafi mdogo hayafutiki. Yamo kwenye kumbukumbu za mradi hadi leo, na jina langu ubavuni. Bi Rukia alinisamehe. Aliniletea sahani za futari, alinishika mkono kila Idi, na alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Lakini miaka yote aliyoishi baada ya pale, hakuniambia tena nimwamshe.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukiiandikia keneli kwamba kipande fulani kinaweza kulala, andika ulichokiona kwa macho yako kwenye bodi iliyo mbele yako, hata kama kitabu kinasifu zaidi. Kama hujauona waya wa kukiamsha, kiache macho. Betri itaisha, na itachajiwa. Na ukikosea, liandike kosa kwa jina lake, siku ileile, wenzako walisome, kabla halijamwangukia mtu mwingine. Mimi nilichelewa siku chache tu, na siku hizo ndizo zilizonigharimu.

Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi usioogopa. Akujaalie uzeeke ukiwa mtu ambaye wenzake, kabla ya kufumba macho, humtazama usoni wakamwambia: niamshe.