Mkia wa Kicheche

Juzi nilimbebea kizimba jirani yangu wa Husby, huku Uswidi, mpaka kwa daktari wa wanyama. Ndani alikuwamo kicheche wa kufugwa, kipenzi cha bintiye, mkia umenyonyoka mpaka umebaki kama mrija. Mama mwenyewe, Mtanzania anayehudumia wazee zamu za usiku, alikaa kiti cha mbali. Kwao kicheche ni mwizi wa kuku.

Daktari alimpapasa mnyama mbavuni, akauliza kwa upole: "Analala vya kutosha? Usiku anapata giza, au taa zinawaka? Kuna jambo limemsumbua nyumbani?"

Binti alijibu yote kwa Kiswidi chake cha haraka. Daktari akatutuliza: vicheche hupukutisha manyoya majira ya kuchipua na ya vuli, na mkia huweza kukaa mtupu kwa muda kabla manyoya hayajarudi. Upara ukipanda mgongoni, hapo tumrudishe upesi, huenda ni ugonjwa wa tezi.

"Kwa sasa apate giza na usingizi," akasema.

Mama akanigeukia. "Kaka, umeyasikia maswali hayo?" Akalegeza kilemba, akanionyesha kipaji kilichong'aa mpaka utosini. "Mimi daktari wangu aliniambia ni umri."

Sina ugomvi na kicheche. Maswali aliyoulizwa yalikuwa ya haki kabisa. Kwenye treni binti alituomba tuseme polepole, mgonjwa amelala. Mama akafunga kilemba vizuri, akashuka kituo cha kazini.