Kikao cha Kazi za Nyumbani

Barua ya shule ilikuja Jumatatu, imekunjwa ndani ya daftari la hesabu. Mzazi anaombwa kufika Jumatano kujadili suala la kupunguza kazi za nyumbani kwa wanafunzi. Niliisoma nimesimama mlangoni mwa zizi. Nikajua nimekwisha.

Mtoto mwenyewe ni wa marehemu dada yangu. Siku ya mazishi, miaka miwili iliyopita, baba yake mkubwa alinitamkia mbele ya watu: akisikia tu mtoto anateswa, anakuja kumchukua. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa namtumikisha. Mume sina, nauza mboga sokoni Ngaramtoni, nikirudi mgongo haunyooki. Basi akitoka shule alikata majani ya ng'ombe, akachota maji, akasonga ugali. Sisi tulilelewa hivyo hivyo, nani alituonea huruma? Lakini barua ilikuwa na mhuri, na mhuri mimi nauogopa.

Nilijiuliza nani kanichongea. Nikamshuku jirani wa ng'ambo ya mfereji, yule asiyeweza kuona moshi wa mwenzake bila kuuliza kinapikwa nini. Aliponisalimia sikumjibu. Mtoto nikamkataza kugusa mundu wala jiko, nikakata majani mwenyewe. Aliniangalia kwa wasiwasi.

Kikaoni nilikaa nyuma kabisa. Mwalimu mkuu alisema kazi zimezidi, watoto wanasinzia darasani. Baba mmoja mwenye koti akabisha: ziongezwe, mtoto bila kazi anakuwa mvivu, na wa kwake akimaliza yeye humwongezea. Jamani, mtu anajisifu hadharani! Mama mwingine akalalamika kwamba wake hulala juu ya meza, kalamu mkononi. Kalamu imeingiaje hapo sikuelewa, na sikuwa na akili ya kuelewa. Ndipo mwalimu mkuu akauliza ni mtoto wa nani mwenye kazi nyingi kuliko wote, na mimi nikaona ananitazama mimi. Nikaona heri nijiseme kabla sijasemwa. Nikasimama.

"Ni wa kwangu, mwalimu. Anakata majani, anachota maji, anapika. Nimekosa, nitampunguzia. Naombeni tu msimwite baba yake mkubwa."

Kisha mtu akacheka, na wengine wakafuata. Mwalimu mkuu hakucheka. Akanieleza taratibu kuwa wanazungumzia homuweki.

Homuweki! Si wangeandika homuweki? Kwangu hakuna anayeiita vingine. Nikakaa, aibu imenijaa, na hofu ikawa mpya kabisa, maana sasa nilikuwa nimejichongea kwa mdomo wangu mwenyewe. Nusu ya wazazi wale tunakutana sokoni, na baba mkubwa naye huja pale kila siku ya mnada.

Kikao kilipokwisha mwalimu wa darasa alinifuata hadi getini. Alisema amemwuliza binti mara nyingi kwa nini anakuja na uchovu, na kila mara amejibiwa kwamba nyumbani hafanyi kazi yoyote, anasoma na kucheza tu. Alitaka kujua mkweli ni nani kati yetu. Nikamwambia ni mimi.

Nyumbani nilimkuta mtoto jikoni anapuliza moto, na nilikuwa nimemkataza. Nikamuuliza kwa nini amekuwa akimdanganya mwalimu. Akasogeza kuni.

"Nilikuwepo siku ile baba mkubwa anasema," akaniambia. "Ningesema, si wangenitoa kwako?"

Niliogopa kuliko nilivyoogopa barua. Miaka miwili mtoto huyu amebeba hofu ileile niliyoibeba mimi, kila siku, na majani kichwani.

Kisha akaniangalia. "Na wewe, mama mdogo, hukuwaambia kitu?"