Mkono wa Kushoto wa Akinyi

Niwaambie mapema: mimi si mtu wa kupenda habari za mizimu. Ni Msabato wa kuzaliwa, na kwetu tunafundishwa kwamba aliyekufa amelala, hatembei wala hasemi. Kwa hiyo ukitaka kunicheka, subiri kwanza nimalize. Haya niliyaona mwenyewe, akili zangu zikiwa timamu na mavi ya ng'ombe yakiwa yamenifika kwenye viwiko.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati gugu maji lilipokuwa linaziba ziwa letu. Nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya Wamethodisti upande wa Homa Bay, shule ya kilimani, ziwa likionekana kule chini. Wamethodisti sehemu zetu walikuwa wachache mno. Ukiwaondoa Wasabato na Wakatoliki, nani anabaki? Lakini walikuwa na mchungaji mmoja kutoka Meru ambaye hakujua kukaa bure. Aliianzisha shule ndani ya kanisa lenyewe. Siku za kazi mabenchi yalikuwa madawati, na Jumapili ubao uligeuzwa uso ukutani, watu wakaimba. Mimi nilipojiunga, wazazi walikuwa wamejenga madarasa mawili ya udongo, mabati juu, na chini vumbi tupu.

Sakafu ya udongo ina kazi yake. Kila shule ikifunguliwa, wavulana walileta mavi ya ng'ombe kutoka kwa majirani, na sisi wasichana tukayakoroga na udongo na maji, kisha tukasiriba darasa kwa mikono. Kila msichana alikuwa na kipande chake, pale dawati lake linapokaa. Unapiga magoti, unapitisha kiganja kwa mduara, huku unarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni ili usikanyage ulichopaka. Pakikauka, alama za mkono zinabaki, na ukizoea unajua hiki ni cha nani na kile ni cha nani. Cha Akinyi kilijulikana na kila mtu. Akinyi alitumia mkono wa kushoto, na mistari yake iliinama upande tofauti na ya darasa zima.

Huyu Akinyi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja, maana vitanda havikutosha. Alikuwa wa kisiwa cha Mfangano. Baba yake alikuwa mhubiri, na mchungaji akienda visiwani yeye ndiye aliyemtafsiria kwa Dholuo. Akinyi alicheka kwa sauti hata pasipochekesha. Siku za Jumamosi, nikikataa kufua kwa ajili ya Sabato, alinifulia soksi zangu huku akinitania kwamba mbinguni nitafika msafi kwa jasho la Mmethodisti. Nilimpenda sana. Bado nampenda.

Muhula ule nilifika siku moja kabla ya kufungua, kwa sababu kwetu Migori ni mbali. Shuleni alikuwepo matroni peke yake. Mvua ilinyesha mchana kutwa, na ilipopungua jioni nikachota mavi kwa jirani mwenyewe, nianze kipande changu kabla watu hawajajaa. Nilikuwa nimepiga magoti, nguo zimelowa chepechepe, nilipoona miguu mlangoni. Nikainua kichwa. Akinyi.

"Wee! Umekuja na boti gani na hii mvua yote?"

Hakucheka, na hilo peke yake lingenishtua. Alikuwa amevaa sare, na sare ilikuwa kavu. Kavu kabisa, niamini, hata mikunjo ya pasi ilikuwepo.

"Kipande yangu bado iko pale?" akauliza.

"Si pale pale kwa kona? Lakini kula kwanza, nimebeba karanga."

"Mama atakuja hapa," akasema. "Nataka apate nimemaliza."

Nikashangaa. Mama yake hakuwahi kukanyaga shuleni. Lakini nani anahoji rafiki aliyetoka safari? Akachota kwenye ndoo yangu, akapiga magoti, akaanza. Na hapo ndipo nywele zilinisimama. Alianzia upande wa mlangoni, akasiriba akielekea kwenye kona. Hakuna msichana wa kwetu anayefanya hivyo, hata mtoto wa chekechea; utatokaje? Tena viganja vyake vilibaki safi. Vilipita kwenye yale mavi vikatoka vyeupe kama vilivyoingia.

Giza lilikuwa linaingia. Nikamwambia naenda kwa matroni kuleta koroboi. Niliporudi na mwanga hapakuwa na mtu. Kipande kilikuwa kimemalizika, kibichi, mistari imeinama kushoto, kutoka mlangoni mpaka ukutani. Nikazungusha taa kutafuta wayo wa mguu. Hapakuwa na hata mmoja. Aliyesiriba pale alijifungia kwenye kona, na hakutoka kwa mlango. Sikulala usiku ule. Matroni alidhani nina malaria.

Asubuhi wanafunzi wa kwanza kutoka Mbita, zinakotia nanga boti za visiwani, walifika wakilia. Boti la Mfangano lilipinduka jana yake mchana katika ile mvua. Wengine waliokolewa, wengine wakaopolewa. Akinyi peke yake hakuonekana.

Wavuvi walimtafuta mpaka wakachoka. Upepo ulikuwa umeleta gugu maji, nyavu zikawa zinavuta majani tu. Sasa kwa Waluo, mtu aliyepotea majini hazikwi hivi hivi. Huchukuliwa yago, lile tunda refu la mvungunya, likazikwa badala yake kama mtu, ndipo watu waweze kulia na kunyoa na kuendelea kuishi. Wazee wa ukoo walilileta. Baba yake akakataa. Mtu aliyetafsiri Injili visiwa vyote, azike tunda? Basi pakawa hapana kaburi, na bila kaburi hapana matanga. Tulisikia kwamba mama yake halali. Mlango anauacha wazi, na kila jioni anampakulia Akinyi samaki. Watu walisema huyu mama tutampoteza naye.

Halafu siku moja akaja shuleni, yeye na mumewe, kuchukua godoro na sanduku. Mimi ndiye niliyeitwa nimwonyeshe. Sijui nilipata wapi ujasiri, lakini nilimshika mkono nikampeleka darasani na kumwambia yote. Kile kipande kilikuwa hakijaguswa. Hakuna msichana aliyekubali kuweka dawati pale.

Aliketi chini. Akaweka kiganja chake juu ya alama zile, moja baada ya nyingine.

"Hii ni mkono ya nyathina, ya mtoto wangu," akasema. "Hii mkono nilipiga, yawa. Nilipiga na mwiko akiwa mdogo, atumie ya kulia. Kila siku nilipiga."

Alilia mpaka mchungaji akaja mbio kutoka ofisini. Mama akamwomba ampe ile sakafu. Mchungaji alimtazama mumewe aliyesimama mlangoni, akanitazama mimi.

"Ni udongo tu ya shule, mama," akasema. "Chukua."

Kisha baba yake Akinyi akaomba panga. Alivua koti, akapiga magoti, akaanza kukata mwenyewe, polepole, asivunje hata mstari mmoja. "Mchungaji, hii si yago," alikuwa akirudia. "Hii ni kazi mtoto wangu alifanya." Mchungaji akajibu kwamba ameona. Waliufunga ule udongo kwenye shuka ya kitanda chetu, wakavuka nao ziwa, na Mfangano wakauzika nje kidogo ya ua, anapozikwa msichana ambaye hajaolewa. Mchungaji ndiye aliyeomba, na baba akamtafsiria mpaka mwisho. Usiku ule mama yake alifunga mlango.

Shimo lile darasani tulilijaza udongo mpya. Muhula uliofuata, siku ya kufungua, tulimkuta mama yake Akinyi pale kabla yetu, amepiga magoti kwenye kona na ndoo yake. Alikuwa anasiriba kwa mkono wa kushoto. Hakuuzoea, mistari ilikuwa inapinda ovyo, lakini alikataa kusaidiwa. Alikuja hivyo kila shule ilipofunguliwa, mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Nilisikia aliacha walipomwaga saruji.

Mimi siku hizi nauza nafaka Migori, na nyumba yangu ina saruji. Sakafu ya kusiriba siwezi hata kuinusa. Kanisani sijawahi kulisema hili. Lakini wewe uliyesikiliza mpaka hapa, chukua maneno mawili. Ukimkuta mtu wako anafanya kazi akijifungia kwenye kona, usimharakishe, mwache amalize. Na kama una mtoto anayeshika kijiko kwa mkono wa kushoto, nakuomba, weka mwiko chini, mwache ale.