Sindano Isiyo na Dawa

Miaka ile ya mwanzo wa themanini nilikuwa mke wa watu pale kijijini Didia, na sikuwa na mtoto. Wenzangu wa rika langu walikuwa Mama fulani na Mama fulani. Mimi niliitwa "wewe". Mama mkwe wangu alikwishaanza kumsifia binti wa jirani mbele yangu, jinsi anavyolima pamba na jinsi alivyo na nyonga pana. Sikuhitaji kutafsiriwa. Nisiposhika mimba, nitarudishwa kwa baba yangu.

Waganga wa kwetu walininywesha mizizi mpaka ulimi ukawa kama ngozi kavu. Hospitali ya mjini Shinyanga nayo ikanipa vidonge. Hapo ndipo muuguzi mmoja aliponinong'oneza kwamba kuna daktari mwanamke kutoka China, anayeongezea dawa za kwao juu ya zile za hospitali. Moyo wangu ulikataa papo hapo. Nimedanganywa na waganga wa lugha yangu, nitamwaminije wa lugha nisiyoijua? Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nikaingia.

Aliniambia nitoe ulimi, akautazama kama mtu anayechagua nyama buchani. Akanishika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo ya damu kwa vidole. Kisha akanichoma sindano nyembamba tumboni na miguuni, na ndani ya sindano hizo hamkuwa na dawa yoyote! Nikajiuliza, sindano isiyo na dawa ni ya nini? Mwisho akanipa majani na magome, akasema niyachemshe kwenye chungu, kamwe si kwenye sufuria. Hapo nikazidi kumshuku, maana mganga wa kijijini kwetu alisema vivyo hivyo, na mbuzi wangu akaondoka naye.

Nilipokuwa natoka akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mume wapi? Mume pia."

Mume wangu alikuwa Geita, akichimba dhahabu na vijana wenzake, na nyumbani alikuja mara moja moja. Alipokuja nikamweleza. Akakasirika. "Mimi nina ugonjwa gani? Unataka kunitangaza?" Nilimbembeleza, nikalia, na machozi yale hayakuwa ya uongo. Akakubali kwa sharti moja: mtu yeyote asijue, hasa mama yake. Tukaaga kwamba tunakwenda kununua jembe.

Alipimwa hospitalini, akaambiwa kwamba mbegu zake ni dhaifu. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu. Lakini unga wa dawa aliopewa na yule daktari wa China aliufunga vizuri kwenye kitambaa, akaenda nao Geita.

Aliporudi wakati wa palizi, kitambaa kilikuwa kitupu. Akanisimulia huku anacheka. Alikuwa akikoroga unga ule alfajiri, mgongo ukiwaelekea wenzake. Sasa mchimbaji akijificha na kikombe, wenzake wanajua jambo moja tu: ana dawa ya kuita dhahabu. Siku moja wakaupora, wakagawana, wakanywa, wakashuka shimoni na matumaini tele.

Mimi sikucheka. "Na wewe ulikunywa kiasi gani?"

"Cha kutosha."

Jibu hilo sikulipenda, na mpaka leo silipendi.

Alikaa siku chache, akaondoka. Mwezi haukuisha nikaanza kutapika. Nilikuwa na mimba! Nilifurahi mpaka nikaogopa furaha yenyewe. Kama ni majani, kama ni vidonge, kama ni sindano au ni Mungu tu aliyechoka kuniona nalia, sijui. Ninachokijua ni kwamba sikulala na mwanamume mwingine.

Mama mkwe alikuwa na hesabu yake. Mtoto wake huja kwa kupitia tu, miaka imepita bila kitu, leo ghafla mimba? Wanawake kisimani wakawa wanakatiza maneno nikifika. Mmoja akasema kwa sauti, ili nisikie, "Kitanda hakizai haramu," wote wakacheka. Nilibeba ndoo yangu na aibu isiyokuwa yangu.

Nikajifungua mvulana. Siku ya kumtoa nje, ndugu wakakusanyika uani. Mama mkwe akampakata, akamgeuza huku na huku, akamshika sikio.

"Baba," akamwambia mwanawe, "sikio hili katika ukoo wetu silijui. Mtoto huyu ni wa nani?"

Nilimtazama mume wangu. Sentensi moja tu kutoka kwake ingenitakasa: "Tulikwenda hospitali wote wawili, na mimi pia nilikunywa dawa." Nilimwomba kwa macho aiseme.

Akainuka, akakung'uta suruali, akamgeukia mama yake.

"Ng'ombe wa mahari nilitoa mimi, Mayu. Mtoto ni wangu."

Kwa desturi yetu hapo hakuna la kuongeza. Aliyetoa ng'ombe ndiye baba, mimba iwe imetoka popote. Vigelegele vikapigwa, pombe ikamiminwa, na mama mkwe mwenyewe akacheza.

Mtoto alinusurika kuitwa wa haramu, na mimi sikurudishwa kwetu. Nilimpokea nikamnyonyesha katikati ya shangwe, huku nikijua kwamba mume wangu amenisamehe mbele ya watu wote kosa ambalo sikulifanya.