Kitabu cha Sita cha Nguo za Bahindi

Bantu banasema mu Élisabethville ya zamani kulikuwa paka mukuba, ile shaba, na reli tu. Mi nilijua nyumba moja yenye kulikuwa kabati ine za Bahindi.

Balikuwa mu bitabu. Muzungu mwenye baba yangu alikuwa anapikia njo alibikusanya, kimoja kimoja, miaka yote alikaa Katanga. Kazi yake ilikuwa kupima udongo na kuweka mipaka ya mashamba. Akaiacha, bibi yake akakufa, macho ikaanza kuzimika, akabaki na bitabu. Byote bilikuwa bya zamani, bya ngozi. Bazungu ba Ulaya balibiandika juu ya nguo za Bahindi, bafalme babo na dini yabo. Bilikuja na meli, kisha na treni, bimefungwa mu kitambaa cha mafuta. Yeye mwenyewe hakufikaka Inde, kwa Bahindi, hata siku moja.

Majina ya bantu naiacha. Yote niko nayo mu kichwa, hata ya imbwa ya jirani, lakini benyewe balikufa, na batoto babo habakuniomba kuandika.

Mi nilisoma miaka mitatu ku masista. Balitufundisha kushona na kusali. Kusoma, kidogo tu. Kila siku ya ine na siku ya posho, ile ya mbele ya siku ya Mungu, nilipanda nyuma ya kinga ya baba, baisikeli yake, yeye ananyonga toka Kamalondo, mtaa wetu, mpaka mujini, na kazi yangu ilikuwa kupangusa bitabu na kufukuza mende. Kisha muzungu akagundua kintu: mi sisahau jina. Akitaja kitabu mara moja, nilijua kiko mu kabati gani, mustari gani, na ngozi yake iko rangi gani. Akaacha kutafuta na miwani. Alikaa tu mu kiti na kuuliza, mi naleta. Sari, doti, choli, pagri: hayo niliyajua mbele ya kujua majina ya barabara za mujini.

Lakini bile bitabu bilinikasirisha. Kulikuwa picha ya mungu wabo mumoja mwenye kichwa cha tembo. Baba, muntu wa Mitwaba, aliona tembo na macho yake. Siku moja analeta chai, akaangalia ile picha, akaniambia polepole, "Mama, huyu mwenye alichora alikuwa anawaza nguruwe." Aliniitaka mama juu nilikuwa na jina la mama yake.

Na nguo vile vile. Karibu na posta kulikuwa Muhindi mwenye duka la bitambaa. Bibi yake alivaa sari, na ncha yake ilipita ku bega la kushoto. Nilimuona kila siku ya posho. Mu kitabu, bamama bote ncha iko ku bega la kuume. Nikamuambia muzungu. Akasema kitabu kina miaka kupita mia moja, na yule mama ni muchuuzi tu. Nikauliza kama naweza kumuita aje kutuonyesha, juu duka liko barabara tatu toka pale.

"Weye," akasema, "pangusa."

Hata vile, kitabu kimoja nilikipenda. Kilikuwa cha sita mu bitabu sita bya nguo, kidogo kuliko bingine, picha zake zimepakwa rangi na mukono. Mu kati kulikuwa bibi ya mufumaji, amevaa choli, ile blauzi ya kuvaa na sari, ya mikono mifupi, pindo limekunjwa mara tatu. Nilijua nikikaa na ile picha siku moja tu, na karatasi ya patron, ya kupimia nguo, nitashona kabaya, blauzi yetu ya bamama, yenye hakuna mwanamuke wa Kamalondo alivaa. Nilikuwa karibu kuolewa. Ile kabaya njo nilitaka siku ya ndoa. Lakini muzungu alikataza penseli mu kile chumba, na kitabu kilifunguliwa paka ku meza yake tu.

Muzungu akaamua kurudi Ulaya. Akaniambia mbele ya baba nimupangie byote mu masanduku, nisikose hata kimoja, na kile kidogo cha nguo kitabaki changu. Baba alimushukuru mara mbili. Mi nilishukuru mara moja, nikaanza kazi.

Nilitaja majina, yeye anaandika. Kufika ku kile cha sita, nikaona mugongo wake umepasuka. Nikasema mu roho, kitu changu nitakitengeneza vizuri. Kwetu, mama alibandika magazeti ku ukuta na uji wa bunga bwa mihogo, na mu ule uji alitia dawa ya mukuba, ile ya buluu yenye bazungu banapulizia ku tomati. Bila ile dawa, mende inakula uji na gazeti pamoja. Kila nyumba ya Kamalondo ilifanya vile. Nikashona mugongo na uzi, nikapaka uji wa buluu mingi, juu kitabu cha ndoa hakipakwi kidogo.

Mvua ikanyesha juma mbili. Nikakifungua: pembeni ya karatasi dawa ilikuwa imegeuka kijani, na ile kijani ilikuwa imetembea mpaka ku mukono wa bibi ya mufumaji.

Muzungu akaleta kioo chake cha kukuza. Nilingojea matusi. Nilifikiri tena, na naona haya mpaka leo, kama afazali kimeharibika: hatakipeleka, kitabaki kwangu kabisa.

"Biko sita," akasema. "Kule Ulaya banataka sita."

Nikamukumbusha ahadi. Akasema alitoa ile ahadi mbele barua ya Ulaya haijafika. Benye kupokea bitabu banataka byote ao banaacha byote.

"Bwana, ulisema mbele ya baba yangu."

"Na sasa nasema mbele ya baba yako."

Baba aliangalia chini. Muzungu akaenda ku jikoni, akatosha kitabu cha bibi yake marehemu, cha kufundisha bamama kuchemsha nguo nyeupe. Picha ndani ilikuwa moja tu, ya pasi. Akasema hicho kitanisaidia zaidi.

Ile siku baba hakunyonga. Tulitembea, kinga iko katikati yetu. Karibu na nyumba akasema, "Mama, ile mikono ya choli, unaikumbuka?"

Nikamuambia nakumbuka majina yote.

"Sikuuliza majina."

Nilikaa na mukasi siku tatu. Pindo lilikunjwa mara tatu, hiyo nilijua, lakini lilienda ndani ao inje? Nilikata, nikafungua, nikakata tena, mpaka kitambaa kikaisha. Niliolewa na kabaya kama ya bote.

Kitabu cha pasi, mende ilikimaliza mu masika mbili, ikaacha paka uzi tu. Hakuna muntu alikipakaka dawa. Kile cha kijani, mahali kiko kule Ulaya, najua mende haijakigusa.