Kioo cha Lori la Lugembe

Yahaya Mabruki alikuwa mwosha magari, na hakuwahi kuona haya kuitaja kazi yake. Alizaliwa Gongoni, Tabora mjini. Babu yake alikuwa mpagazi aliyebeba mizigo ya watu kwenda na kurudi Ujiji mpaka magoti yakamgomea, ndipo akajenga nyumba hapo hapo na kuoa. Baba yake alishona kanzu. Yahaya mwenyewe cherehani ilimshinda, akaenda kuomba kazi kwa Fakhrudin, fundi aliyekuwa na gereji karibu na soko, na huko ndiko alikojifunza vioo.

Fakhrudin hakuwa na maneno mengi, lakini kwenye kioo alikuwa mkali kama mwalimu wa chuo. Alimfundisha kwamba vumbi na wadudu wa nje si kitu, maji na sabuni yanatosha. Kazi iko ndani. Moshi wa sigara, pumzi za watu, jasho na mvuke wa ile plastiki ya dashibodi inapopigwa na jua, vyote hupanda na kuganda kwenye kioo, vikafanya utando usioonekana gari likiwa kivulini. Utando huo hauondoki kwa kupangusa tu, maana kitambaa huuchukua hapa na kuupaka pale. Unataka maji ya moto yenye siki kidogo, kitambaa kimoja cha kuoshea na kingine kikavu, kisha gazeti kuukuu la kumalizia. Ndani ufute kwa kwenda juu na chini, nje ufute kwa kwenda kushoto na kulia, ili ukiona mstari umebaki ujue uko upande gani. Ukishamaliza, ligeuze gari litazame jua, ukae kwenye kiti cha dereva uangalie. Usipokaa kwenye kile kiti, Fakhrudin alisema, hujamaliza kazi.

Yahaya aliishika kanuni hiyo kwa miaka zaidi ya ishirini. Gereji ya Fakhrudin ilipofungwa na mzee akabaki na duka dogo la vipuri, Yahaya aliajiriwa kwenye karakana ya shirika moja la uchukuzi, na madereva wakawa wanagombea aoshe magari yao yeye.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na nne, mwaka wa kuhamia vijijini. Malori ya shirika yaliazimwa kwenda kuhamisha watu, yakawa yanatoka alfajiri na kurudi yamevaa vumbi mpaka rangi haijulikani. Kiangazi kilikuwa kikali, mbuga zinachomwa moto kila upande, na moshi umetanda njia nzima. Wakati huo huo sabuni ikaadimika. Siki nayo ikapotea madukani, na gazeti ndilo halikupatikana kabisa, maana kila karatasi ilifungia sukari au chumvi.

Miongoni mwa madereva alikuwepo Lugembe, mtu wa Ziba, mrefu, mpole, ambaye zamani alikuwa mlevi wa kutajwa, kisha akaacha. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa kiko cha kuvutia tumbaku. Alivuta tumbaku kali ya Usoke asubuhi hadi jioni, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi. Kioo chake cha mbele kwa ndani kilikuwa na utando wa manjano, unanata ukiugusa kwa kidole.

Siku moja ya mwezi wa nane, saa tisa na nusu alasiri, lori la Lugembe lilirudi kutoka safari ya asubuhi, na msimamizi wa karakana akaagiza ligeuze papo hapo liende Usoke kuchukua watu wengine. Lugembe alimwomba Yahaya amtazamie kioo, kwamba asubuhi alikuwa haoni vizuri. Yahaya akaenda stoo, hakukuwa na sabuni wala siki. Msimamizi akamwambia achukue tambara achovye kwenye dizeli afute, gari liondoke, watu wanasubiri. Yahaya alijua dizeli haifai. Inalainisha ule utando lakini haiuondoi, na inabaki pale imelowa, ikikamata kila vumbi linaloingia. Alijua, na akafuta. Pale chini ya bati la karakana kioo kilionekana safi. Hakuligeuza lori kulitazamisha jua. Hakukaa kwenye kiti. Aligonga mlango kwa kiganja, Lugembe akaondoka.

Kesho yake asubuhi habari zilikuwa zimeshaenea mji mzima. Karibu na Usoke, jua likiwa linashuka mbele yake, Lugembe alikuwa ameliacha lori lipande ukingo wa barabara palipokuwa na watu wamekaa na mizigo yao. Wengine walikimbia. Mwanamke mmoja mtu mzima, Veneranda, alisagwa mguu. Lugembe alikuwa rumande, na maneno yaliyozunguka ni kwamba amerudia pombe.

Lori lilivutwa likarudishwa karakana. Yahaya alilikwepa kutwa nzima, akiosha magari ambayo hakuna aliyemtuma ayaoshe. Jioni, wenzake walipoondoka, alipanda akakaa kwenye usukani. Lilikuwa limeegeshwa likitazama magharibi. Kioo kizima kilikuwa kimewaka, cheupe kama maziwa, na katika weupe ule ilionekana michirizi ya tambara ikipanda na kushuka, alama za mkono wake mwenyewe. Lango la karakana lilikuwa hatua thelathini mbele. Hakuliona. Mlinzi alikuwa amesimama mbele ya lango hilo na kofia kichwani, na Yahaya hakumwona huyo pia mpaka mlinzi alipokohoa.

Alikwenda nyumbani akamweleza mkewe, Batuli. Batuli alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba aliyeshika usukani si yeye, na kwamba dereva asiyeona husimama. Yahaya akakubali kuwa hilo ni kweli, lakini aliisukuma sahani kando.

Siku ya tatu msimamizi alimwita pembeni. Mkaguzi wa magari alikuwa anakuja kesho yake kulitazama lile lori. Msimamizi alimkabidhi chupa ya siki na kipande cha sabuni ya mche, vitu ambavyo stoo haikuwa navyo mwezi mzima, akamwambia alisafishe lori vizuri, hasa kioo cha mbele.

"Nikikisafisha, mkaguzi ataona nini?" Yahaya aliuliza.

"Ataona lori safi. Wewe una watoto, Yahaya. Na mimi nina watoto. Lugembe kila mtu anamjua alikotoka."

Yahaya alirudi kwenye lori na ndoo ya maji ya moto. Alichanganya siki, akakunja kitambaa, akapanda. Kazi yenyewe ilikuwa ya robo saa tu. Alikaa na kitambaa mkononi, maji yakimdondokea magotini, mpaka maji ya ndoo yakapoa. Kisha akayamwaga, akatembea hadi dukani kwa Fakhrudin.

Mzee alikuwa anapanga bolti za chuma kwenye rafu, macho yake yameshaanza mtoto wa jicho. Yahaya alimwamkia, akamweleza yote akiwa amesimama. Fakhrudin hakumlaumu. Alimuuliza jambo moja tu, kama alikaa kwenye kiti. Yahaya akajibu kwamba alikaa, ila amechelewa siku moja. Mzee akarudi kwenye rafu yake, akasema, "Basi mkalishe na mkaguzi."

Mkaguzi alifika saa nne asubuhi. Alikagua breki, matairi na usukani, akaandika kwamba lori halina ubovu. Kioo alikitupia jicho kivulini akakipita. Msimamizi alikuwa anamsindikiza kwenye gari lake Yahaya alipojitokeza, amevua kofia.

"Bwana mkaguzi, samahani. Kioo kile nilikifuta kwa dizeli kabla ya safari. Ukikitazama sasa hutaona kitu. Naomba urudi jioni ukae pale alipokaa dereva."

Msimamizi alicheka, akasema huyu ni mwosha magari tu. Mkaguzi hakucheka. Alirudi saa kumi na moja na nusu, akapanda, akakaa. Alinyoosha mkono mbele yake kama mtu anayepapasa gizani. Aliposhuka aliomba kalamu, akamtaka Yahaya aseme tena yote, polepole, na nani alimwagiza atumie dizeli.

Kesi ya Lugembe ilipungua uzito. Hakufungwa, lakini alinyang'anywa leseni, kwa kuwa aliendesha huku haoni. Msimamizi alihamishiwa mkoa mwingine. Yahaya aliachishwa kazi wiki hiyo hiyo, na barua haikutaja kioo, ilisema karakana inapunguza watu.

Lugembe alipita nyumbani kwa Yahaya siku aliyotoka rumande, anaelekea kwao Ziba. Batuli alimkaribisha chai, Lugembe akasema ameshakunywa. Alisimama mlangoni.

"Nimesikia ulichofanya," alisema. "Lakini kaka Yahaya, siku ile uligonga mlango. Wewe ukigonga mlango mimi huwa najua kioo ni safi."

Lugembe akaondoka bila kugeuka. Hawakuonana tena.

Hospitalini alikolazwa Veneranda, Yahaya alikwenda mara mbili akaishia getini. Mara ya tatu aliingia. Veneranda alikuwa amelala, mguu umekatwa chini ya goti, uso umemkauka. Yahaya alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akasema yeye ni nani na alifanya nini, bila kusingizia uhaba wa sabuni wala msimamizi. Mama yule alitazama dari.

"Waliniambia niikalie mizigo yangu pale barabarani tangu asubuhi," alisema. "Nyumba yangu walikuwa wameshaiezua. Kaburi la mume wangu limebaki kule peke yake. Wewe umekuja kuniambia kosa lako. Hao wengine watakuja lini?"

Yahaya alisema hajui.

"Basi nenda. Nimechoka."

Alikwenda. Lakini msimu wa kulima ulipofika alipanda treni mpaka Usoke, akauliza, akaonyeshwa kijiji kipya na nyumba ya Veneranda, kibanda cha miti kisichokandikwa upande mmoja. Mama alimwona na jembe begani, akaingia ndani akafunga mlango. Yahaya alilima kipande kilichokuwa nyuma ya nyumba mpaka jua likawa kali, akarudi stesheni. Mwaka wa pili ilikuwa hivyo hivyo, ila safari hii mlango uliachwa wazi, na kata ya maji ikawekwa kizingitini. Mjini aliishi kwa kuosha teksi aina ya Pijo kwenye uwanja wa stesheni. Kila moja aliigeuza itazame jua kabla hajairuhusu kuondoka, hata wenyewe wakipiga honi kwa kukosa subira.

Mwaka wa tatu Veneranda alikuwa anamsubiri nje, ameegemea gongo lake. Hakumkaribisha wala hakumuuliza habari za safari. Alimwambia kwamba kipande anachokilima kila mwaka ni cha jirani, cha kwake ni kile cha pili, chenye visiki. Akatangulia kwa gongo, hatua kwa hatua, kumwonyesha mpaka unapoanzia.