Mboga Zilizozidi Utamu

Zadock Opondo hakuwa mtu wa kuamini haraka. Siku za wiki alichomelea mageti na madirisha katika karakana moja ya Nyamasaria, na wikendi alikuwa refa wa ligi ya mitaa. Miaka mingi ya kupuliza filimbi ilikuwa imemwonyesha mengi. Alikuwa ameona wachezaji wakianguka na kushika uso ilhali kilichowagusa ni upepo. Alikuwa ameona kocha akiapa kwa jina la Mungu kwamba beki wake mwenye ndevu bado yuko shule ya msingi. Basi mtu akimweleza jambo, Opondo alimtazama kwanza, akangoja kidogo, halafu ndipo akajibu.

Kilichomtoa uwanjani ni tumbo lake mwenyewe. Katika mechi moja ya Nyalenda, mpira uligonga mwamba wa juu ukadunda karibu na mstari. Opondo wakati huo alikuwa bado kwenye duara la katikati, mikono kiunoni, anatafuta pumzi. Akapuliza: goli. Halikuwa goli, na kila mtu alikuwa ameliona hilo isipokuwa yeye. Mashabiki walivamia uwanja, na kundi la upande wa pili likaanza kuimba kwamba refa ana mimba ya miezi tisa.

Katibu wa ligi alimwita kando baada ya vurugu kutulia. Alizungumza kwa upole, na upole huo ulimuuma Opondo kuliko ule wimbo.

"Mzee, pumzika msimu huu. Ukimaliza mbio za majaribio kabla ya msimu mwingine kuanza, nafasi yako iko."

Nyumbani aliificha habari hiyo. Alimwambia mkewe, Lornah, kwamba mechi zimepungua siku hizi. Lornah alikuwa mwanamke wa kujibu kwa macho zaidi kuliko kwa mdomo. Alimtazama, akaendelea kukwangua magamba ya samaki.

Wiki hiyo hiyo Opondo alienda kliniki, akamwona mtaalamu wa lishe aitwaye Sylvia Naswa, binti wa Bungoma aliyeongea polepole kana kwamba anamsomea mtoto. Alimpima uzito na mzunguko wa tumbo, akaagiza apimwe damu, akamuuliza anakula nini.

"Ugali," alisema Opondo.

"Na nini?"

"Na kitu cha kushukisha ugali."

Sylvia hakucheka. Alimchorea sahani kwenye meza kwa kidole: nusu nzima iwe mboga za kienyeji, robo iwe samaki wa kuchemsha au maharagwe, na ugali ukae kwenye hicho kipande kilichobaki. Soda aiache. Chai anywe bila sukari. Mandazi ya saa nne asahau kabisa.

Opondo alirudi nyumbani akamwambia Lornah, "Kuanzia leo mimi ugali kidogo. Mboga ndiyo nyingi. Nataka kupunguza mwili."

"Kwa nini?"

"Nataka tu."

Lornah alifunika sufuria. "Sawa, Baba Sheryl." Sheryl ndiye binti yao wa pekee, aliyekuwa shule ya bweni.

Wiki za kwanza zilikuwa mateso. Saa nne asubuhi, harufu ya mandazi ilipoingia karakana, Opondo alishusha kioo cha kuchomelea usoni hata kama hakuwa na chuma mbele yake. Mwenzake wa kazi, Wanyonyi, alikula mbele yake bila huruma.

"Omera, ndugu yangu, utakufa na afya," Wanyonyi alimwambia, akilamba sukari kidoleni.

Pikipiki yake aliiacha nyumbani, na jioni alitembea kwa miguu kutoka kazini, akipita barabara ndefu ya kuzunguka, huku watu wa vibanda wakimuuliza kama pikipiki imeuzwa. Alijibu kwa kuinua mkono tu. Kilichomwendesha si neno zuri la mtu yeyote. Ulikuwa ule wimbo wa mimba. Kila alipotaka kugeuka kwenye kibanda cha chapati, aliusikia, na miguu ikaenda mbele.

Mwanzoni mwili ulianza kuitika. Mshipi ulirudi tundu moja. Halafu, ghafla, kila kitu kikasimama. Alipopanda tena mizani ya kliniki, ilikuwa palepale. Mara iliyofuata alikuwa ameongeza.

Sylvia aliegemea kiti. "Baba, unaficha nini?"

"Sifichi kitu."

"Wengi husema hivyo. Halafu naambiwa kulikuwa na matanga, kulikuwa na harusi, kulikuwa na soda moja tu."

Opondo alitoka pale masikio yakiwaka moto. Yeye, aliyetoa kadi kwa waongo maisha yake yote, leo anaitwa mwongo na msichana! Njiani alianza kushuku mizani. Alijipima kwenye duka la dawa la jirani. Mizani ya hapo ikasema yale yale. Akamshuku Sylvia, kwamba labda anataka arudi kliniki milele. Akamshuku hata Wanyonyi, aliyekuwa akimchotea chai kila asubuhi, huenda anamtilia sukari kwa mzaha. Siku mbili alijichotea mwenyewe, na Wanyonyi akanuna. Mwishowe akajishuku mwenyewe. Labda kweli anakula na kusahau. Labda mtu akizeeka mwili unakataa amri.

Moyo ulianza kulegea. Jioni moja alisimama kwenye kibanda cha chapati, akaagiza, akashika ile karatasi ya moto mkononi. Ndipo lilipomjia wazo moja ambalo hakulipenda. Chapati ile ilinukia vizuri, ndiyo, lakini tumbo lake halikuitaka sana. Halikuwa na njaa. Mtu anayekula majani mchana na usiku, kwa nini hana njaa?

Alimpa chapati mpita njia akaenda nyumbani.

Usiku ule alikula osuga, zile mboga za mnavu, polepole. Zilikuwa laini, nzito, zinateleza kooni. Osuga ina uchungu wake. Ndiyo sifa yake. Hizi uchungu hazikuwa nao. Alipomaliza, aliona midomo yake inang'aa kwenye kioo cha kabati.

"Mboga tamu sana siku hizi," alisema.

"Si ulisema unazipenda?" Lornah alijibu, akakusanya vyombo haraka.

Kuanzia hapo Opondo alimwangalia mkewe jinsi alivyomwangalia mshambuliaji anayetaka kujiangusha kwenye eneo la penalti. Aliona mambo. Aliona kwamba siku hizi mboga zinapikwa kwenye vyungu viwili, cha kwake na cha mkewe. Aliona Lornah anangoja yeye aanze kula ndipo naye aanze. Akikaribia jiko, Lornah husimama katikati ya mlango na kusema moshi ni mwingi. Na mara moja aliikuta suruali yake ya kazi imegeuzwa mifuko nje, na hapakuwa na kitu cha kufuliwa.

Alhamisi moja umeme ulikatika karakana, akarudi nyumbani mchana. Hakubisha hodi. Alipita nyuma, upande wa jiko, akasimama penye dirisha. Lornah alikuwa ameinama juu ya chungu kidogo. Alitazama mlango wa mbele, kisha akapitisha mkono nyuma ya debe la unga, akatoa kopo la zamani la kakao. Akachota kijiko kikubwa, akakoroga. Akachota kingine. Halafu, na hili ndilo lililomsimamisha Opondo nywele, akafumba macho na midomo yake ikacheza bila sauti.

Opondo alirudi barabarani akatembea bila kujua anaelekea wapi. Alikuwa amesikia mengi juu ya wanaume waliopewa dawa katika chakula, wakabaki kuzubaa kama kondoo. Aliwacheka siku zote. Sasa hakuona cha kucheka. Miaka yote hii na Lornah, kumbe hamjui? Anamwombea nini kwenye chungu? Afe? Asitoke nyumbani? Alijaribu kukumbuka kosa lake, akakumbuka madogo mengi, hakuna la kustahili kopo.

Jioni alikaa mezani kama kawaida. Lornah alileta bakuli zake mbili za mboga, moja akaiweka mbele ya mumewe, nyingine mbele yake. Akakatakata ugali. Akaomba baraka. Alipofungua macho, bakuli ya mumewe ilikuwa mbele yake.

"Leo tubadilishane," alisema Opondo.

Lornah aliitazama ile bakuli. "Kwa nini?"

"Kula tu, Mama Sheryl."

Opondo alimkazia macho. Kama atakataa, basi ni kweli. Lornah alivuta bakuli, akamega ugali, akachota, akala. Akachota tena. Alikula zote, hadi mchuzi wa chini, na alipofika mwisho machozi yalikuwa yakidondoka kwenye meza.

"Ni samli," alisema. "Samli na malai ya maziwa. Ulifikiri nini, sumu?"

Opondo aliepusha macho. Lornah alisukuma bakuli mbali.

"Kumbe. Umekaa hapo unangoja nianguke."

"Nilikuona mchana. Unasali juu ya chungu! Ningefikiri nini?"

"Nilikuwa namwomba Mungu asikuchukue!"

Sasa maneno yalimtoka Lornah ambayo alikuwa ameyabana kwa miezi. Alimkumbusha habari za Tom, kaka yake mwenyewe. Tom naye alianza hivyo hivyo, alisema. Alisema hana hamu ya ugali. Alitoboa mshipi tundu jipya akacheka. Alienda hospitali peke yake akarudi bila kusema kitu, na alipokuja kusema, walikuwa tayari wanamgeuza kitandani, na hakuinuka tena. Na sasa mume wake hali ugali, anaenda kliniki kimyakimya, ameacha mechi alizozipenda kuliko kanisa. Wanawake wa kwaya walikuwa wameanza kumuuliza kwa sauti ya chini, "Baba Sheryl yuko salama?" Mama mkwe alikuwa amepiga simu kutoka Nyakach akauliza ni mke gani anamnyima mtoto wa watu chakula.

"Nilitafuta vidonge mifukoni mwako. Sikupata. Nikasema ameficha karakana. Nikasema kama hataki kuniambia, basi mimi nitamrudishia mwili. Kijiko kwa kijiko."

Opondo alipandwa na hasira kwanza. Aliziwaza zile asubuhi za mandazi, zile kilomita za vumbi, lile neno la Sylvia. "Umenifanya mwongo mbele ya watu," alisema. "Nimejinyima bure!"

"Na wewe umenifanya mjane kabla ya wakati," Lornah alisema. "Niliuliza kwa nini. Ulisema unataka tu."

Opondo alikaa akikuna meza kwa ukucha. Kisha, kwa taabu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni, akamsimulia: mpira kugonga mwamba, goli lisilokuwa goli, wimbo wa mimba, katibu na upole wake. Hakuwa na ugonjwa wowote aliomficha. Ilikuwa aibu tu.

Lornah alisikiliza mpaka mwisho. "Walikuimbia mimba?"

"Ya miezi tisa."

Aliuma mdomo asicheke, akashindwa, akacheka huku bado analia. Opondo hakucheka. Lakini alisogeza kiti karibu naye.

Hawakupatana siku hiyo moja. Lornah alisema ataamini akisikia kwa masikio yake, wakaenda kliniki pamoja, akamhoji Sylvia kama wakili: wamempima damu? Wamempima yote? Majibu yako wapi? Sylvia aliyatoa, akamsomea moja moja. Aliposikia habari ya kopo, alimgeukia Opondo na kusema, "Baba, nisamehe. Nilikushuku bure." Opondo aliitikia kwa kichwa. Hakutamka kwamba naye alikuwa ameishuku mizani yake.

Baada ya hapo chungu kilikuwa kimoja. Mboga zilirudia uchungu wake, na njaa ya kweli ikafika, ile iliyokuwa imecheleweshwa na samli. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Sasa hakuwa na mtu wa kumshuku. Kuna wiki alianguka akala chapati za Wanyonyi siku tatu mfululizo, akamwambia Lornah kabla hajaulizwa. Lornah hakumhubiria. Jioni iliyofuata alivaa raba za Sheryl na kumngoja mlangoni, akasema leo wanatembea wote, na kwamba yeye hatembei na mtu anayeburuta miguu. Walienda hadi daraja la Nyamasaria na kurudi. Kesho yake tena. Watu walipouliza kama pikipiki imeuzwa, Lornah aliwajibu kwa Kijaluo maneno yaliyowafanya wasiulize tena.

Mbio za majaribio, mara ya kwanza, zilimshinda mizunguko ya mwisho. Katibu alimpa kibendera cha pembeni badala ya filimbi. Opondo alikichukua. Alikimbia kwenye mstari msimu mzima, akabaki sambamba na mabeki, na msimu uliofuata alipojaribu tena alimaliza, akiwa wa nyuma lakini ndani ya muda.

Mama yake alikuja kutoka Nyakach bila kutoa taarifa, na jogoo kwapani, ili ajionee. Alimzunguka mwanawe sebuleni, akamshika mashavu, akamshika mikono.

"Nyathina, mwanangu, umeisha," alisema. Kisha akamgeukia Lornah. "Niambie ukweli. Ana ugonjwa gani?"

"Hana, Mama. Anakimbia na vijana."

"Mtu mzima anakimbia nini?"

Maelezo hayakumtosha. Jumapili alidai kupelekwa. Wakamwekea kiti cha plastiki kando ya uwanja wa Nyalenda, Lornah akakaa chini kando yake na mwavuli. Opondo aliingia katikati na filimbi, akaanzisha mchezo. Mama hakufuata mpira hata mara moja. Alimfuata mwanawe, huku na huku, macho yamekazwa, akingoja aanguke.

Dakika zikapita. Mpira ulipigwa mrefu, na Opondo akafyatuka nyuma yake, magoti juu, akafika kwenye eneo la hatari pamoja na washambuliaji. Mtu akaanguka akashika uso. Opondo alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Alimwashiria ainuke.

"Mbona hampi kitu?" mama aliuliza. "Si ameumia?"

"Hakuguswa, Mama."

Mama alimtazama yule kijana akijipangusa vumbi na kuondoka mbio, mzima kabisa. Akavuta kiti chake mbele kidogo.

"Mwongo!" alimpigia kelele. "Mwongo huyo! Mtoeni!"